Kelele na Sauti: Historia ya Usafishaji wa Sauti Zilizonaswa na Maana Yake kwa Utafiti wa Lahaja

Tangu mwaka 1877, Thomas Edison alipoizungushia silinda karatasi ya bati na kuisikia sauti yake mwenyewe ikimrudia, hakijapata kuundwa chombo kinasacho maneno ya mtu na kuyaacha mengine yote. Kila chombo hunasa pia pumzi yake chenyewe: mkwaruzo wa sindano, mvumo wa injini, mchakato wa chembe za utepe. Juu ya hayo hunasa ulimwengu uliomzunguka msemaji, yaani upepo, punda, watoto, adhana, na mashine ya kusaga nafaka iliyo mtaa wa pili. Historia ya usafishaji wa sauti kwa kawaida huelezwa kuwa ni historia ya ushindi: mvumo ulikuwa mwingi, ukapungua, na sasa kijana mwenye tarakilishi ya kawaida huweza kuuondoa kwa kubofya mara mbili. Maelezo hayo si ya uongo. Lakini yameandikwa zaidi na watu wa muziki na watu wa simu. Mtafiti wa lahaja au wa fasihi simulizi akiisoma historia ile ile ataona kuwa kila hatua ilimlazimu fundi aamue mapema kipi ni kelele na kipi ni sauti, na kwamba katika kuamua hivyo fundi hakuwa akimfikiria msemaji wa Kimvita au wa Kiamu.

Hapo mwanzo hapakuwapo njia ya kuondoa kelele ila kumsogeza mtu karibu na pembe ya chombo. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani aliyetoka katika jumba la makumbusho la Leipzig, alizuru sehemu ambazo leo ni kusini-mashariki mwa Tanzania akiwa na fonografu na silinda za nta, akanasa nyimbo za Wamakonde, Wayao na wengineo. Silinda hizo zikaingia katika hifadhi ya sauti ya Berlin, iliyoanzishwa na Carl Stumpf mwaka 1900 na ambayo UNESCO iliitambua mwaka 1999 kuwa sehemu ya kumbukumbu za ulimwengu. Pembe ya fonografu haikuwa na uwezo wa kusikia mbali. Aliyeimba karibu nayo alinaswa. Waitikiaji waliosimama nyuma walinaswa kwa unyonge au hawakunaswa kabisa. Hivyo basi uchujaji wa kwanza kabisa ulifanywa na umbali, na wimbo wa watu wengi ulifika Ulaya ukiwa wimbo wa mtu mmoja.

Miaka 22 baadaye, mwaka 1928, Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kuimba mbele ya vyombo vya His Master's Voice. Kufikia wakati huo unasaji wa umeme, ulioanza kutumiwa na makampuni makubwa mwaka 1925, ulikuwa umeleta maikrofoni mahali pa pembe, na sauti nyembamba za juu zilizopotea zamani zikaanza kusikika. Santuri zenyewe, hata hivyo, zilikuwa za shelaki, utomvu wa mdudu wa Bara Hindi, uliochanganywa na unga wa mawe ili sindano ya chuma ichongeke na kuikaa vyema mifuo. Ni unga huo wa mawe unaosikika leo kila inapochezwa santuri ya zama zile, ule mlio kama mchanga unaomwagwa bila kwisha nyuma ya udi na fidla. (Mwaka huo huo wa 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Pasipo mtu kukusudia, lahaja moja ilipata santuri na kamusi kwa wakati mmoja.)

Majaribio ya kuuzima mchanga huo yalianza mapema. Njia nyepesi ilikuwa kukata sauti zote za juu, na hasara yake ilijulikana tangu siku ya kwanza, kwa kuwa pamoja na mkwaruzo ziliondoka /s/ na /sh/. Katika miaka ya 1940 Hermon Hosmer Scott wa Marekani aliunda kifaa kilichokata sauti za juu pale tu muziki ulipokuwa umenyamaa, na kuziachia zilipopaa zenyewe. Wazo hilo ni la kukumbukwa: kifaa kilianza kusikiliza kabla ya kukata. Ujerumani nayo ilikuwa imeleta utepe wa sumaku. Kampuni ya AEG ilionyesha kinasa sauti chake mjini Berlin mwaka 1935, na mwaka 1940 ikagunduliwa kwamba mkondo wa umeme wenye mitetemo ya kasi sana, isiyosikika, ukiongezwa wakati wa kunasa hupunguza mvumo wa utepe kwa kiasi kikubwa. Baada ya vita, utepe ulienea duniani kote.

Afrika ya Mashariki ilifikiwa na utepe kwa safari za Hugh Tracey, hasa za mwaka 1950 na 1952, kabla hajaasisi maktaba yake ya kimataifa ya muziki wa Afrika mwaka 1954. Tracey alikuwa na desturi ya kuishika maikrofoni mkononi na kuisogeza wakati ngoma ikiendelea, mara kwa mwimbaji, mara kwa mpiga ala. Matokeo yake ni nakala safi za kupendeza. Ni vizuri lakini mtafiti akumbuke kuwa mkono huo ulikuwa ukichagua. Yasiyosikika katika utepe huenda yalikuwapo uwanjani.

Mtu aliyebadilisha mambo kwa kweli ni Ray Dolby. Alizaliwa Portland, Marekani, mwaka 1933, akafanya kazi kampuni ya Ampex akiwa bado kijana, akapata shahada ya uzamifu Cambridge mwaka 1961, na kati ya mwaka 1963 na 1965 alikuwa mshauri wa Umoja wa Mataifa huko Uhindi. Mwaka 1965 alifungua maabara yake London. Mbinu yake haikutafuta kelele baada ya kunaswa; iliitangulia. Kabla sauti haijaingia katika utepe, sehemu zake zilizo dhaifu zilikuzwa. Wakati wa kusikiliza zikashushwa kwa kipimo kile kile, na mvumo wa utepe, ambao haukukuzwa kwa kuwa ulizaliwa katikati, ukashushwa pamoja nazo. Kampuni ya Decca ilianza kuitumia mbinu hiyo mwaka 1966. Mwaka 1968 ukatoka muundo mdogo ulioitwa B, ulioshughulikia sauti za juu peke yake na kupunguza mvumo kwa kiasi cha desibeli 10, yaani nguvu yake ikabaki sehemu moja ya kumi. Muundo huo ndio ulioifanya kaseti, ambayo Philips waliitoa mwaka 1963 kwa ajili ya kunasia maneno ofisini, kuwa chombo cha muziki.

Kwa hifadhi za vyuo vya Afrika ya Mashariki jambo hili ni zito kuliko inavyodhaniwa. Kaseti ndiyo iliyokuwa daftari la mtafiti kwa miaka zaidi ya 20. Iwapo kaseti ilinaswa kwa muundo B na leo ikachezwa katika chombo kisichokuwa nao, sauti zote za juu husikika kwa ukali usio wa kweli: /s/ inachoma masikio. Iwapo haikunaswa hivyo, na fundi akawasha kitufe cha Dolby kwa kudhani anaisafisha, /s/ na /f/ hufifia na msemaji huonekana kama ana kitambaa mdomoni. Maelezo yanayohitajika ni herufi moja tu juu ya jalada, na jalada nyingi hazina hata tarehe. Mtu akipima urefu na nguvu za vikwamizi katika nakala iliyofanywa hivyo, atakuwa akiipima fonolojia ya chombo.

Katika miaka hiyo hiyo njia nyingine ilikuwa ikichimbwa, isiyohitaji kutangulia kelele. Mwaka 1965 James Cooley na John Tukey walichapisha mbinu ya hesabu iliyowezesha tarakilishi kuichambua sauti yoyote katika mitetemo iliyoiunda kwa haraka isiyopata kuonekana. Sauti ikawa jedwali la tarakimu, na tarakimu hupunguzwa kwa kutoa. Thomas Stockham wa Chuo Kikuu cha Utah aliitumia elimu hiyo katika santuri za Enrico Caruso, mwimbaji wa Kitaliano aliyefariki mwaka 1921 na aliyeimba maisha yake yote ya santuri ndani ya pembe. Pembe ilikuwa imezikuza baadhi ya sauti na kuzidhoofisha nyingine. Stockham alikadiria makosa ya pembe kwa kulinganisha wastani wa sauti hizo na santuri ya mwimbaji wa baadaye aliyenaswa kwa maikrofoni, kisha akayaondoa. Toleo hilo lilitoka mwaka 1976 na kusifiwa sana. Ni kazi ya ajabu, na ni haki kuistahi. Ila msikilizaji ajue kwamba rangi ya sauti anayoisikia imekadiriwa kwa koo la mtu mwingine. Ni Stockham huyo huyo aliyekuwa mmoja wa wataalamu 6 walioteuliwa kuchunguza utepe wa Rais Nixon wa tarehe 20 Juni 1972, wenye pengo la dakika 18 na nusu. Mwaka 1974 waliamua kwamba pengo hilo lilifutwa mara zisizopungua 5. Walijuaje? Kwa alama ndogo ndogo za sumaku na mivumo iliyobaki. Kelele ndiyo iliyotoa ushahidi.

Mbinu iliyomo ndani ya programu nyingi za leo ilielezwa mwaka 1979 na Steven Boll, wa Utah pia. Haja yake ilikuwa ya kijeshi, yaani kumwelewa mtu asemaye ndani ya helikopta. Hoja yake ni sahili. Msemaji anaponyamaa, kinachobaki ni kelele tupu. Ipimwe hapo, mtetemo kwa mtetemo. Anaposema, kipimo hicho kitolewe katika kila kipande cha sauti, na kinachobaki kihesabiwe kuwa ni usemi. Panapotokea jibu lililo chini ya sufuri, sufuri iwekwe. Sharti lake kubwa ni kwamba kelele isibadilike kati ya kimya na usemi, jambo ambalo helikopta hulitimiza vyema kuliko soko la Kongowea.

Mbinu hiyo iliacha alama yake. Kwa kuwa kelele halisi hupanda na kushuka kuzunguka wastani wake, utoaji huacha vipande vilivyotawanyika hapa na pale, navyo husikika kama milio midogo ya matone ndani ya mtungi. Mafundi waliiita kelele ya kimuziki. Yariv Ephraim na David Malah waliipunguza mno mwaka 1984 kwa hesabu iliyo laini zaidi. Lakini jambo lililo muhimu zaidi kwa wanalugha lilikuwa limekwisha kuandikwa mwaka 1979 na Jae Lim na Alan Oppenheim katika mapitio yao ya fani hii: mbinu nyingi huifanya sauti ipendeze zaidi bila kuifanya ieleweke zaidi, na baadhi huipunguzia kueleweka. Sikio hustarehe, na maneno hupotea. Miongo zaidi ya minne imepita na bado onyo hilo halijafika katika vitabu vingi vinavyowafundisha wanafunzi kazi ya uwandani.

Hatua zilizofuata zilikuwa za kusambaza zaidi kuliko kuvumbua. Utafiti uliofanywa Cambridge kwa ajili ya hifadhi ya sauti ya taifa ya Uingereza ulizaa kampuni ya CEDAR mwaka 1988. Vyombo vyake vilikuwa vya bei ya hifadhi kubwa na mahakama. Katika miaka ya 1990 programu ya Cool Edit ya David Johnston iliishusha kazi hiyo hadi tarakilishi ya mezani. Adobe waliinunua mwaka 2003 na kuibadilisha jina. Mwaka 1999, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg walianza kutunga Audacity, iliyotolewa kwa umma mwaka 2000 bila malipo. Hii ndiyo inayotumiwa katika idara nyingi za lugha, na kwa sababu njema. Mtumiaji huchagua kipande cha kimya, huiamuru programu ikijifunze, kisha huchagua sauti nzima na kuamuru isafishwe. Ikiamriwa ipunguze desibeli 12, nguvu ya kelele hubakia kama sehemu moja ya kumi na sita.

Sasa yafaa kuuliza programu hiyo hufanya nini inapokutana na Kiswahili cha pwani. Katika Kimvita, paa la nyumba na p'aa wa mwituni hutofautiana kwa mpumuo tu, na vivyo hivyo kaa la moto na k'aa wa baharini, tembo la mnazi na t'embo mwenye mkonga. Maandishi sanifu hayauonyeshi mpumuo huo. Ushahidi wake umo katika sauti peke yake. Nao mpumuo ni nini? Ni pumzi itokayo baada ya kipasuo kuachiliwa, kabla nyuzi za sauti hazijaanza kutetema. Haina noti, haina mpigo wa kawaida, imetawanyika katika mitetemo mingi, ni hafifu, na haifikii sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa vipimo vya tarakilishi, sifa hizo zote ni sifa za mvumo wa kaseti. Aidha, Audacity huichambua sauti kwa madirisha ya sampuli 2048, ambayo kwa sauti ya sampuli 44,100 kwa sekunde ni takriban sehemu 46 za elfu za sekunde. Mpumuo mfupi huweza kuingia wote ndani ya dirisha moja, ukachanganywa na kimya kilichoutangulia au na irabu iliyoufuata, ukahesabiwa pamoja nacho. Utepe ukiwa na mvumo mwingi na msafishaji akiwa na pupa, p'aa hurudi akiwa paa. Haishangazi basi iwapo mwanafunzi asiyekuwa na sikio la pwani atasikiliza nakala safi na kuripoti kwamba wazee hawatofautishi tena.

Fasihi simulizi nayo ina hatari zake. Katika vugo la harusi wanawake hugonga pembe kwa vijiti, na kila mgongo ni mlio mfupi, mkali, wenye kuanza ghafla. Programu za kuondoa mikwaruzo ya santuri hutafuta mlio wa namna hiyo hasa, na zikiachiwa huweza kuipunguza pembe na kujaza pengo kwa kukisia. Vigelegele ni hivyo hivyo. Kiswahili kina neno moja, kelele, kwa mengi ambayo mhandisi angependa kuyatenganisha, lakini hakuna mtu wa Lamu anayeviita vigelegele kelele. Ni jibu la hadhira, na pasipo jibu hilo mtunzi huonekana kana kwamba aliimbia ukuta.

Hata mvumo wa umeme, ambao hakuna anayeutetea, una neno la kusema. Umeme wa Kenya na Tanzania hutetema mara 50 kwa sekunde, wa Marekani mara 60. Mvumo wa 60 katika utepe unaodaiwa kunaswa Mombasa ni sababu tosha ya kumwuliza mwenye utepe maswali. Zaidi ya hayo, mtetemo wa gridi huyumba kidogo kila saa, na wataalamu wa uchunguzi wa mahakama, Romania ikiwa miongoni mwa walioanza, wamejifunza kuisoma miyumbo hiyo ili kujua sauti ilinaswa lini na kama ilikatwa. Msafishaji anayeuchuja mvumo huo katika nakala ya pekee huchuja pamoja nao tarehe.

Tangu mwaka 2017, ilipotoka programu huria ya RNNoise iliyotungwa na Jean-Marc Valin, kazi imehamia kwa mitandao ya neva, isiyopewa kanuni bali mifano: usemi safi huchanganywa na kelele, nao mtandao hujifunza kuutenganisha. Uwezo wake ni mkubwa. Mwaka 2023 sauti ya John Lennon, iliyokuwa imefunikwa na piano na mvumo wa umeme katika kaseti ya nyumbani ya miaka ya 1970, ilitengwa kwa mbinu za aina hii na wimbo ukatolewa, baada ya jaribio la mwaka 1995 kuachwa. Kilichobadilika kwa mwanaisimu ni mahali pa kuuliza. Zamani aliuliza kanuni gani imetumika. Sasa hana budi kuuliza mtandao ulilishwa lugha zipi, kwa kuwa uliolishwa usemi usiopambanua kwa mpumuo hauna sababu ya kuutunza mpumuo.

Shirika la kimataifa la hifadhi za sauti, IASA, katika mwongozo wake wa mwaka 2004 uliotolewa upya mwaka 2009, limeshauri nakala ya hifadhi ifanywe kama utepe ulivyo, bila kusafishwa kwa namna yoyote, kwa sampuli zisizopungua 48,000 kwa sekunde. Usafishaji ufanywe juu ya nakala ya pili. Gharama yake ni nafasi ya kuhifadhia tu, ambayo imekuwa rahisi. Kinachosumbua zaidi ni kaseti zenyewe. Watafiti wengi wa zamani, kwa kuogopa kumaliza utepe, walibonyeza kitufe mzee alipokwisha kuanza kusema. Hakuna kimya cha kupimia. Anayetaka kuisafisha kaseti kama hiyo hulazimika kuchukua kimya chake katikati ya maneno, pale mzee anapovuta pumzi, na pumzi hiyo huingia katika kipimo cha kelele, kisha hutolewa kila mahali inapofanana na kitu kingine, ukiwamo mpumuo wa /p'/, /t'/ na /k'/. Kwa kaseti za namna hiyo ni afadhali kuchukua kimya cha mwishoni mwa utepe, baada ya msemaji wa mwisho, kama kipo; kama hakipo, kupunguza kwa desibeli 4 au 5 na kuuvumilia mvumo uliobaki. Na anayekwenda uwandani leo na kinasa sauti kisicho na utepe wa kumalizika anaweza kukiacha kinase chumba kitupu kwa sekunde 10 kabla ya kumkaribisha mzee aseme.